Maswali ya Wasomaji: Kurudi Katika Jumba la Spencer

SWALI: Mheshimiwa mhariri, nilikuwa na umri wa miaka 11 nilipoiona gemu ya kutisha ya Resident Evil kwa mara ya kwanza, katika kibanda kimoja cha gemu kule Ngamiani, Tanga, ambako tulilipia nusu saa na kukaa kwenye benchi tukisubiri zamu. Kibanda hakikuwa na memori kadi, hivyo kila aliyeshika pedi alianza upya, na kwa muda wa miaka miwili sikuwahi kuivuka korido ya wale mbwa wanaoruka kupitia dirishani. Hata hivyo niliogopa kwenda msalani peke yangu usiku. Mwaka huu, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, nilinunua toleo jipya la kompyuta, nikazima taa na kukaa tayari kutishika. Nilichokipata ni hasira. Mtu wangu anageuka polepole kama lori kwenye kichochoro. Nilipofika kwenye korido ya mbwa, kioo kilipasuka lakini mbwa hawakutokea, nikadhani nakala yangu ina hitilafu. Zombi niliyekuwa nimeshamuua kwa risasi nyingi aliinuka baadaye akiwa mwekundu, tena ana mbio, akanimaliza wakati tepe zangu zote za wino zilikuwa zimekwisha na sikuweza kuhifadhi mchezo. Je, hofu yangu ya utotoni ilikuwa ujinga wa mtoto, au mchezo ndio uliozeeka?

Msomaji wa Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, nakala yako ni nzima, na mbwa wako njiani. Ninaanza na mbwa kwa sababu ukilielewa jambo lao, malalamiko yako mengine yatajieleza yenyewe.

Mchezo mliokuwa mkiucheza Ngamiani ulitoka Japani mwezi Machi 1996 kwa jina la Biohazard, ukiwa kazi ya kampuni ya Capcom ya Osaka chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Huo ulionunua mwaka huu ni mwingine. Mwaka 2002 Mikami huyohuyo alilijenga upya tangu msingi jumba la Spencer, ambamo mchezo unatokea, kwa ajili ya mashine ya Nintendo GameCube, na mwezi Januari 2015 Capcom ikaisafisha kazi hiyo na kuitoa kwa kompyuta na mashine nyingine. Hebu fikiria shida aliyokuwa nayo mwaka 2002. Wengi wa wanunuzi wake walilijua jumba hilo kama mtu anavyoijua nyumba ya bibi yake: mlango upi una zombi nyuma yake, chumba kipi kina risasi, dirisha lipi litavunjika. Mtu anayeijua nyumba haogopi kutembea gizani. Ndipo Mikami alipouchukua ujuzi huo wa wachezaji akautegea mtego.

Katika mchezo wa 1996, mbwa huruka ndani mara ya kwanza unapopita koridoni, na kishindo kile ndicho watu wa rika letu wanachokikumbuka kuliko kitu kingine chochote cha PlayStation ya kwanza. Katika toleo la 2002 unapita, kioo kinaingia ufa, na hakuna kinachoingia. Mchezaji mgeni hushtuka kidogo na kuendelea na safari yake. Wewe uliyewahi kuketi kwenye lile benchi ndiye uliyepita ukiwa umeinua bastola, ukihesabu hatua, na ukatoka upande wa pili ukiwa na wasiwasi ambao haukupata pa kuishia. Mbwa wataingia baadaye, utakaporudi na mawazo yako yakiwa kwenye ufunguo fulani au kwenye mlango usiofunguka. Ufa ule wa kioo uliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe hasa, na mimi nauona kuwa ni ukarimu mkubwa wa mtunzi kwa mtu aliyerudi.

Zombi mwekundu ni ndugu wa kioo kile. Kibandani, zombi akianguka na damu ikatanda chini yake, habari yake ilikuwa imekwisha, na korido hiyo ilikuwa mali yako hadi mwisho wa mchezo. Mwaka 2002 sheria hiyo ilivunjwa: maiti ambayo haikuchomwa moto wala kupasuliwa kichwa hukaa pale sakafuni kwa muda, kisha huinuka ikiwa na kucha ndefu na mbio. Kuna mafuta ya taa na kiberiti cha kuwashia, lakini chupa unayoibeba inatosha maiti mbili tu kabla ya kurudi kuijaza, nayo inakula nafasi mkobani. Kwa hiyo kila mara unapoinua bastola unapaswa kujiuliza kama korido hiyo utaipita tena mara kumi au mara moja, kwa sababu zombi uliyemkwepa akiwa hai mara nyingi ana heri kuliko yule uliyemuua na kumwacha. Wewe ulimuua ukaenda zako, kama ulivyofundishwa ukiwa mtoto. Kila aliyeanzia kwenye mchezo wa zamani amewahi kulifanya kosa hilo, nami nikiwamo, tena pale karibu na chumba cha kulia ambapo hupiti dakika kumi bila kurudi.

Sasa niuzungumzie uendeshaji, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuiweka pedi chini. PlayStation ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu. Mashine ya namna hiyo isingeweza kulichora jumba zima lenye mazulia, ngazi na taa za kuning'inia huku ikiwaendesha watu na mazombi kwa wakati mmoja. Njia iliyotumika ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na Mfaransa Frédérick Raynal mwaka 1992 katika Alone in the Dark: vyumba vilichorwa mapema kwenye kompyuta zenye nguvu na kuhifadhiwa kama picha tulivu, na mashine ikabaki na kazi ya kuwachora watu na vitu vichache juu ya picha hizo. Picha haiwezi kuzungushwa, hivyo kamera ikabaki imeganda kwenye kona ya dari, au nyuma ya ngazi, na unapovuka mstari fulani usioonekana picha inabadilika kuwa nyingine. Kwa kuwa picha hubadilika ghafla, kubonyeza juu kulifanywa kumaanisha kwamba mtu wako aende mbele kule anakotazama yeye, pasipo kujali kamera iko wapi. Ndiyo sababu wachezaji wa huko nje hulinganisha uendeshaji huo na kifaru cha vita. Ukiuzoea, kamera inaweza kuruka mara tatu katika korido moja na mtu wako asipotee njia hata kidogo.

Toleo la 2015 lilileta uendeshaji wa pili, ambapo mtu huelekea kule unakousukuma mkono wa pedi. Ni mwepesi, sikatai, na asiyeuweza ule wa kwanza autumie bila aibu. Lakini nakusihi uujaribu wa asili kwa jioni mbili au tatu kabla ya kuuhukumu, kwa sababu mazombi wa mchezo huu walipewa mwendo wa pole unaolingana na mwili unaogeuka polepole na usioweza kutembea huku ukifyatua risasi. Ukiwa mwepesi kuliko ilivyokusudiwa, unawazunguka kama watoto wanaocheza kombolela, na hapo ndipo mchezo unapoonekana mzee. Badili na umbo la picha pia, ulirudishe kwenye lile la mraba la televisheni za zamani. Vyumba vilichorwa kwa umbo hilo mwaka 2002, na ukichagua skrini pana mchezo hukata sehemu ya juu na ya chini ya picha, kisha huisogeza kadiri unavyotembea, hata ule utulivu wa kamera unaokunyima pumzi ukapungua.

Utulivu huo una kazi kubwa. Unasimama mwanzoni mwa korido, kamera inakutazama usoni, na nyuma ya kamera, mahali usipoweza kuona, unasikia nyayo zikiburutwa na mtu akikoroma. Mtu wako anamwona, wewe humwoni. Katika gemu nyingi za leo ungezungusha kamera na kuchungulia pembeni mwa ukuta bila gharama yoyote. Hapa aliyelipanga jumba ndiye anayekushikia macho, na anaamua uone nini na lini. Nimecheza michezo mingi yenye picha nzuri mara mia kuliko hii, na sijapata sauti ya hatua iliyonikwamisha mahali kwa muda mrefu kama hizi.

Nikija kwenye swali lako la mwisho, lile la ujinga wa mtoto, napenda nikurudishe kwenye benchi. Ulisema kibanda hakikuwa na memori kadi. Maana yake ni kwamba ulipokufa mikononi mwa zombi wa kwanza, yule anayeinua kichwa polepole kutoka kwenye mwili wa Kenneth, askari mwenzako, hukupoteza mchezo tu. Ulipoteza nusu saa uliyoilipia, ukampa mwenzako pedi, ukarudi mwisho wa benchi. Capcom ilitengeneza tepe za wino ili kuhifadhi mchezo kuwe na bei, kwamba kila unapoiketia taipureta unatumia kitu ambacho kinaweza kukuishia. Kibanda chenu kilikuwa na sheria kali zaidi ya hiyo, kwani hamkuwa na utepe hata mmoja. Hofu katika mchezo huu hutokana na hesabu ya kile unachoweza kukipoteza zaidi ya sura za wafu wenyewe, na mtoto wa miaka 11 aliyekuwa akihesabu dakika zake alikuwa anaucheza kwa usahihi kuliko mtu mzima mwenye kompyuta yake mwenyewe anayeweza kukaa usiku kucha.

Uanze upya, basi, na umchague Jill Valentine, ambaye mkoba wake una nafasi 8 wakati wa Chris Redfield una 6. Kabla ya kutoka kwenye chumba chenye sanduku la vitu, hakikisha nafasi mbili ziko tupu, kwa sababu utaokota ufunguo au nembo ambayo huwezi kuiacha. Usile mtishamba wa kijani kila unapokwaruzwa. Ule mwekundu haufai kitu peke yake, lakini ukiuchanganya na wa kijani unakurudishia afya yote. Hifadhi mchezo unapokuwa umetimiza jambo la maana, si kila unapoiona taipureta. Na usisome mwongozo wowote mara hii ya kwanza. Kwa miaka yote hii umekuwa ukilijua jumba kwa sehemu yake ya mbele tu: hujapanda kwa nyoka wa darini, hujafika kwenye nyumba ya walinzi ambayo imevamiwa na mmea mkubwa, hujashuka katika mahandaki wala maabara iliyo chini ya yote hayo. Kuna watu wachache sana wa rika lako ambao bado wana bahati hiyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina miaka 21, na nilizaliwa baada ya mchezo huu kutoka. Nimemaliza toleo la 2015 na nimelipenda sana. Je, kuna faida yoyote ya kurudi nyuma hadi lile la 1996, ambalo rafiki zangu wanalicheka kwa uigizaji wake wa sauti?

Msomaji wa Nairobi

JIBU: Faida ipo, na umefuata mpangilio ninaoupendekeza kwa kijana yeyote, yaani kuanza na toleo lililojengwa upya kisha kurudi kwenye asili yake. Mchezo wa 1996 katika umbo lake la kompyuta ulirudishwa sokoni mwezi Juni 2024 kupitia duka la mtandaoni la GOG, kwa hiyo huhitaji kutafuta mashine ya zamani wala diski iliyokwaruzika.

Uigizaji wa sauti ni dhaifu kweli, na rafiki zako hawakosei. Hata nakala zilizouzwa Japani zilikuwa na sauti za Kiingereza zenye maandishi ya Kijapani chini yake, na wapenzi wa mchezo wanayakariri mpaka leo maneno ya Barry Burton, askari mwenzake Jill, anapomwokoa katika chumba ambacho dari yake inashuka. Ningekuomba usiishie hapo. Tazama mwanga. Jumba la 2002 limejaa vivuli, mishumaa na radi, ilhali lile la 1996 lina taa zinazowaka na kuta zenye rangi kali, na vyumba vyake vitupu vina upweke ambao toleo jipya, pamoja na uzuri wake wote, halikuweza kuuhamisha. Unaingia kwenye chumba cheupe kilicho safi, hakuna kitu, hakuna muziki wa kukuambia uhisi nini, na hutaki kukaa humo.

Tazama na milango. Kila unapofungua mlango, skrini inakuwa nyeusi na mlango peke yake unafunguka taratibu mbele yako, wakati mashine inasoma chumba kinachofuata kutoka kwenye diski. Mlango wa namna hiyo ulikuwapo tayari mwaka 1989 katika Sweet Home, mchezo wa Capcom wa mashine ya Famicom uliotengenezwa chini ya Tokuro Fujiwara, nao ulikuwa na jumba, mikoba yenye nafasi chache na wenzako waliokufa wasirudi tena. Fujiwara ndiye aliyekuja kuwa mzalishaji wa Resident Evil, na kazi yenyewe ilianza kama wazo la kuitengeneza upya Sweet Home. Hivyo hata ule mchezo tunaouita wa kwanza ulikuwa ni kurudi kwenye nyumba ya zamani.

Ukishaumaliza, jaribu kuumaliza tena kwa muda usiozidi saa 3. Zawadi yake ni silaha ya roketi zisizokwisha, lakini starehe yenyewe ni kugundua kwamba korido zilizokuwa zikikuliza sasa unazipita ukiwa umeshajua kila kona, na mbwa wakiruka unaendelea na hatua zako.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni Mswahili ninayeishi Muscat. Nilicheza Resident Evil 5 zamani bila kuwasha sauti kwa kuwa watoto walikuwa wamelala. Nimeirudia hivi karibuni kwa sauti kubwa, nikashangaa kusikia maadui wakipiga kelele kwa Kiswahili. Je, nimesikia vibaya?

Msomaji wa Muscat

JIBU: Umesikia vyema. Mchezo huo wa 2009 unatokea katika eneo la kubuni linaloitwa Kijuju, ambalo watunzi wameliweka magharibi mwa Afrika, na watu wake walioingiliwa na vimelea wanazungumza Kiswahili. Hata jina lao, Majini, limechukuliwa kwenye lugha yetu, likiwa na maana ile tunayoijua sote. Kiswahili ni lugha ya upande wa pili wa bara, na naona waliitumia kama sauti ya Afrika kwa jumla bila kuuliza inasemwa wapi. Ni kosa ninalolichukulia kwa uzito, hasa kwa kuwa tangu picha za kwanza za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007 kulikuwa na mjadala mkali kuhusu namna Waafrika walivyosawiriwa humo.

Kama mchezo wa kutisha, Resident Evil 5 umejitenga mbali na jumba la Spencer. Risasi ni nyingi, mwenzako Sheva Alomar yuko pembeni yako karibu muda wote, na mchezo unajihifadhi wenyewe bila utepe wala taipureta, hivyo ile hesabu ya kupoteza niliyomweleza ndugu yetu wa Tanga imebaki kidogo sana. Lakini kuna jambo moja ambalo wachezaji wa Osaka na Chicago hawawezi kulipata, nalo ni lako. Wao husikia kelele za umati zisizo na maana. Wewe unasikia maneno, yaani watu wanaopanga kukukamata kwa lugha uliyofundishwa na mama yako. Ukianza tena, simama dirishani katika ile sehemu ya mwanzo ambapo mtu mwenye kipaza sauti anauchochea umati kiwanjani kabla ya kuuawa kwa mwenyeji wako, usitazame chochote, na usikilize tu.